Kalamu ya Kwanza ya Kukereza: Seti ya Vipuri au Uianze Mwenyewe Tangu Mwanzo?

Anayetaka kukereza kalamu yake ya kwanza hapa Nairobi, yaani kuichonga kwa patasi huku ikizunguka kwenye mashine, ana njia mbili mbele yake. Moja ni kuagiza seti ya vipuri: mirija ya shaba ya manjano, ncha, klipu, kifaa cha kuzungusha (kinachotoa na kurudisha ncha ya wino) na wino wake. Kazi inayobaki ni kuivika mirija hiyo mbao na kuikereza mpaka ilingane na vyuma vyake. Nyingine ni kuianza kalamu tangu mwanzo: unatoboa mwenyewe, unakata meno ya skrubu mwenyewe, na kitu pekee unachonunua kikiwa tayari ni rifili ya wino, au nibu ikiwa unataka kalamu ya wino wa chupa.

Wapo wanaoidharau seti, wakisema aliyeitumia ameunganisha tu vitu vya watu. Dharau hiyo haina msingi. Kwenye seti nyembamba ya milimita 7, ile inayoitwa Slimline, mrija una kipenyo cha milimita 7 na kalamu iliyokamilika ina kama milimita 8.3 pale inapokutana na ncha. Mbao inayobaki juu ya mrija haifiki hata milimita moja kila upande. Kukereza mbao hadi unene huo bila kuipasua ni ufundi kamili. Wapo pia wanaoiogopa njia ya pili kana kwamba ni ya mabingwa peke yao, na woga huo umepita kiasi, kwa sababu kalamu ya kuanza mwenyewe inaweza kuwa biro sahili kabisa.

Mimi hupima njia hizi kwa swali moja: ukiharibu kitu katikati ya kazi, utakipata wapi kingine? Kalamu ya kwanza haikosi kuharibika mahali fulani. Ukipasua mbao, soko la Gikomba lipo na jioni umepata nyingine. Ukipinda kifaa cha kuzungusha cha seti iliyotoka ng'ambo, kalamu inalala kwenye droo mpaka kifurushi kingine kifike. Jibu la swali hilo hubadilika kulingana na mashine unayoweza kuifikia, mbao uliyonayo na kalamu unayoitaka, kwa hiyo tuyapitie hayo kabla ya kuchagua.

Mashine iliyo karibu nawe

Nairobi ina kerezo, yaani mashine za kukerezea, nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye karakana za samani za Gikomba na kandokando ya Ngong Road zipo za mbao, zinazokereza miguu ya meza na nguzo za vitanda. Nyingi zimeundwa na mafundi wenyewe: mota, mkanda, ncha mbili za kushikilia mbao na egemeo la patasi. Kariobangi Light Industries na Industrial Area zipo za chuma, zinazokereza shafti na bushi za magari. Aina hizi mbili hazifanyi kazi moja, na ukichagua kalamu, kwa kiasi kikubwa umechagua mashine.

Kalamu ya seti ni mtoto wa kerezo ya mbao. Patasi unaishika kwa mkono, unalifuata umbo kwa jicho, na vipimo vinavyotakiwa ni vile vya bushi mbili tu (pete za chuma zinazokuonyesha unene wa kufikia) mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande. Lakini kuna kikwazo ambacho maelezo ya ng'ambo hayakitaji. Kule wanadhani una mashine ndogo ya kiwandani yenye shimo la koni la Morse namba 2 kwenye kichwa chake, ambamo unachomeka mandreli, yaani ule ufito wa chuma unaobeba vipande vya kalamu pamoja na bushi zake. Kerezo ya fundi wa samani kwa kawaida haina shimo hilo. Mandreli uliyoinunua kwa pesa nyingi haitakuwa na mahali pa kuingia.

Suluhisho lipo na ni bora kuliko mandreli yenyewe: bushi za koni. Hizi hukaa kila upande wa mrija na kushikwa moja kwa moja kati ya ncha mbili za mashine, bila ufito wowote katikati. Mandreli ndefu hupinda kidogo ukiukaza mkia wa mashine (upande unaosogea na kushikilia ncha ya pili) kupita kiasi, na ikipinda kalamu hutoka na umbo la yai. Bushi za koni zinaiondoa shida hiyo. Fundi mwenye kerezo ya chuma Kariobangi anaweza kukukerezea jozi ukimpelekea mrija wa seti yako na kumwonyesha kipenyo unachotaka. Mpe mrija wenyewe mkononi aupime, kwa sababu kipimo cha kutamka kwa mdomo hakitoshi kwa kazi ya sehemu ya kumi ya milimita.

Kalamu ya kuanza mwenyewe inaipenda kerezo ya chuma. Kishikio chake cha taya tatu hukamata ufito wa plastiki au pembe bila kuyumba, biti ikikaa kwenye mkia hutoboa katikati kabisa, na kipimo unakisoma kwenye gurudumu la mkono. Shida ni mwenye mashine. Mafundi wengi wa chuma hawapendi mbao kwenye kitanda cha mashine yao, na wana haki: vumbi la mbao hunyonya oili, hushika unyevu na kuleta kutu. Ukienda na plastiki, pembe au shaba hakuna atakayekukatalia. Ukienda na mpingo, nenda na gazeti la kufunika kitanda na brashi ya kusafisha, useme mapema.

Kuhusu kununua mashine yako mwenyewe, neno langu ni fupi. Kerezo ndogo ya mezani inatosha kwa kalamu na haihitaji chumba kikubwa. Hakikisha ni ya volti 240 na hezi 50. Iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inataka volti 120, kwa hiyo utahitaji transfoma, na hata hapo, kama mota yake ni ya kawaida ya indaksheni, itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita kwa sababu stima yao ni ya hezi 60. Drili ya mkono iliyofungwa kwenye vaisi siipendekezi. Upande wa pili wa kazi unabaki bila kushikwa, na kipande kikiruka kinaruka kuelekea usoni.

Kutoboa

Hapa ndipo njia zote mbili zinapowashinda wengi, na ndipo zinapotofautiana zaidi.

Kwenye seti ya Slimline, mrija mmoja una urefu wa kama milimita 53. Biti ya kawaida ya milimita 7 unayoinunua kwenye duka lolote la vifaa ina sehemu ya kukata ya karibu milimita 69. Kwa hiyo biti hiyo hiyo ya dukani inapita mbao na kutokea upande wa pili. Huo ni urahisi mkubwa, na ndio sababu mojawapo ya seti hii kuwa mwalimu wa wengi duniani kote. Ukiagiza seti nyingine, uliza biti yake kabla ya kulipa. Zenye umbo la sigara kwa kawaida hutaka milimita 10, ambayo ipo kila mahali. Ile ya mrija mmoja inayoitwa Sierra hutaka biti ya inchi 27/64, na hapa mjini utazunguka sana kuipata, kwa maana maduka yetu hupanga biti kwa milimita.

Sasa tazama kalamu ya kuanza mwenyewe. Tuseme umechagua rifili ya aina ya Parker, ambayo ina urefu wa milimita 98 na unene wa milimita 6 hivi. Biti ya kawaida ya milimita 6 inakata milimita 57 tu. Haifiki. Utatafuta biti ndefu, ambayo hupotea njia ndani ya mbao kadiri inavyozama, au utatengeneza kalamu ya vipande viwili vinavyofungana kwa skrubu. Vivyo hivyo kwa anayetaka kutumia mrija mwembamba wa wino uliotolewa kwenye biro ya kawaida: biti ya milimita 3.5 ina urefu wote wa milimita 70, na sehemu ya kukata haifiki 40. Watu huanza na mchoro mzuri wa kalamu ya kipande kimoja, kisha biti inawakatalia. Pima biti kabla ya kuchora.

Mwendo wa mashine wakati wa kutoboa uwe wa chini, kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika, na biti itolewe kila baada ya milimita chache ili maranda yatoke. Kwenye mbao nzito kama mpingo hili halina mjadala. Maranda yakijazana, joto hupanda, na mbao hupasuka kutoka ndani bila wewe kuona. Ufa huo huonekana baadaye, ukishapiga msasa na kupaka rangi ya mwisho. Acha pia kipande kiwe kirefu kuliko unavyohitaji na usimamishe biti kabla haijatokea upande wa pili, kisha ukate kile kipande cha mwisho kwa msumeno. Biti inayotokea nje kwa nguvu hung'oa mbao pale inapotokea.

Njia ya seti ina hatua moja zaidi, kugundisha mrija. Ukwaruze kwanza kwa msasa, kwa sababu gundi haishiki shaba inayong'aa. Mbao yenye mafuta, mpingo na mzeituni hasa, ipanguse kwa asetoni na uiache ikauke. Ziba midomo ya mrija ili gundi isiingie ndani: sukuma kila upande kwenye kipande chembamba cha kiazi kibichi, kitakata kizibo chenyewe. Kisha tumia epoksi ya vichupa viwili, usitumie supaglu. Supaglu inaweza kushika mrija ukiwa nusu ya njia, na hapo hautaenda mbele wala kurudi nyuma. Epoksi inakupa dakika za kuuzungusha na kuusukuma, na inajaza nafasi kama shimo lilitoka kubwa kidogo.

Kalamu ya kuanza mwenyewe haina mrija, haina gundi, haina kusubiri. Kwa upande mwingine haina pia ule uti wa shaba unaoisaidia mbao nyembamba. Ukuta wake lazima ujitegemee, ndiyo maana kalamu hizi huwa nene, na ndiyo maana wengi huzitengeneza kwa plastiki ngumu, eboniti (mpira uliogumishwa) au pembe.

Mbao: hapa Nairobi tumebarikiwa

Watu wa ng'ambo hununua vipande vya kalamu vilivyokatwa na kufungwa kwa nailoni. Sisi tunaweza kuvipata kwenye masalio. Kipande cha milimita 20 kwa 20, chenye urefu wa kiganja, ni kitu ambacho fundi wa samani hukitia kwenye moto wa chai. Ingia karakana, msalimie fundi, mweleze unachotengeneza. Aghalabu atakuchagulia mwenyewe kilicho kizuri, na atakuambia kipi bado ni kibichi.

Jakaranda ni mbao laini, nyeupe inayoelekea krimu, inayokatika bila ubishi. Wachongaji wa Kikamba wameitumia miaka mingi kwa vinyago vyao, na inapatikana kila mti wa barabarani unapokatwa. Kwa kalamu ya seti ni mwalimu mpole: patasi isiyo kali sana bado inakata. Lakini inachafuka upesi kwa jasho la mkono, kwa hiyo inahitaji kufunikwa vizuri juu. Kwa kalamu ya kuanza mwenyewe haifai hata kidogo, kwa kuwa haishiki meno ya skrubu. Yatang'oka kama makapi.

Grevilea, mti wa kwenye mashamba ya kahawa na chai, watu huudharau kwa kuwa ni wa kuni na mbao za kujengea. Ukiukata kwa upande unaofaa, ubavuni mwa mbao hujitokeza madoa ya kumetameta yanayofanana na lesi. Kwenye samani hayaonekani sana. Kwenye kalamu yanajaza kiganja. Hii ndiyo mbao ningemwekea mtu mkononi akitaka kalamu ya seti itakayowafanya watu waulize imetoka wapi.

Kuna mbuni pia, yaani mti wa kahawa wenyewe. Kiambu mashamba mengi yamegeuka kuwa nyumba, na mashina ya zamani hung'olewa na kuchomwa. Mbao yake ni ngumu, ya nyuzi za karibukaribu, rangi ya asali nyepesi, na unene wa shina unatosha kabisa kwa kalamu. Inafaa njia zote mbili, ila iwe imekauka sawasawa, maana ina tabia ya kupasuka ikikauka haraka. Paka nta kwenye ncha za kipande na ukiweke kivulini. Kujua kama kimekauka, kipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kiko tayari.

Mzeituni mwitu ni mzito, una mistari ya kahawia iliyokoza, unanukia ukikatwa. Ni mzuri mno kwa seti ukishapangusa mafuta yake.

Halafu kuna mpingo. Ni mbao nzito hata huzama majini, nyeusi kwenye kiini, na ndiyo inayotengenezewa klarineti na obo duniani. Ni mojawapo ya mbao chache sana zinazokubali meno madogo ya skrubu na kuyatunza. Mwenye kuchagua njia ya kuanza mwenyewe na kutaka mbao badala ya plastiki, hapa ndipo penye jibu. Lakini mpingo hauna huruma kwa patasi butu. Unahitaji kinoo karibu na subira ya kunoa kila mara. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua cha watu wengi, kwa hiyo barakoa nzuri si hiari. Ujue pia kuwa tangu mwaka 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawao, imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kalamu ya kutumia mwenyewe haina neno, ila ukianza kuuza nje ya nchi waulize KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwanza. Mti huu hukua polepole sana. Ninaomba, kwa moyo wote, uanze na masalio ya wachongaji, usimtume mtu kukata mti mpya kwa ajili ya kijiti cha kujifunzia.

Msandali usiuguse. Serikali ilipiga marufuku uvunaji na biashara yake mwaka 2007. Pembe ya ng'ombe ni halali, inapatikana, na inakereza vizuri ajabu kwa njia ya pili, ingawa harufu yake inapopata joto itawakimbiza wenzako karakanani. Pembe ya ndovu, hata kipande cha zamani cha bibi, ni jinai.

Meno ya skrubu

Seti haina suala hili. Kila kitu kinasukumwa ndani kwa nguvu, kwa vaisi iliyovikwa vibao ili isikwaruze vyuma. Hatari yake ni moja tu: kifaa cha kuzungusha. Ukikisukuma ndani kupita alama, ncha ya wino itabaki nje daima, na kukitoa bila kukiharibu ni vigumu. Sukuma kidogo, vesha rifili, jaribu, sukuma tena.

Kwa kalamu ya kuanza mwenyewe, meno ya skrubu ndiyo roho ya kazi yote, na ndipo pesa zinapokwenda. Ukitazama kazi za mabingwa wa kalamu za wino utaona wanatumia tapi (ya kukata meno ndani ya shimo) na dai (ya kukata meno nje ya ufito) za vipimo vya pekee. Nyumba ya nibu ya JoWo namba 6 kutoka Ujerumani hutaka M7.4 kwa 0.5, yaani kipenyo cha milimita 7.4 na milimita 0.5 kutoka jino hadi jino. Kofia hutaka M13 kwa 0.8 yenye njia tatu za meno zinazozunguka sambamba, ili ifunguke kwa mzunguko mmoja hivi badala ya kuzungusha na kuzungusha. Vifaa hivyo havipo kwenye maduka ya River Road wala Kirinyaga Road. Utaviagiza, na bei yake kwa pamoja hushinda seti kadhaa. Kwa hiyo kalamu ya nibu siipendekezi iwe ya kwanza.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho mji huu unakijua vizuri: M10 kwa 1. Ndicho kipimo cha nati za mabomba ya breki kwenye magari mengi ya Japani, na wenye vipuri wanakifahamu. Tapi yake unaitobolea shimo la milimita 9. Ukijenga biro ya vipande viwili inayoungana kwa M10 kwa 1, sehemu ya mbele ya kushika ikiwa ya pembe, shaba au plastiki ngumu ya kiwandani, na sehemu ya nyuma ikiwa ya mpingo, umepata kalamu ambayo kila kitu chake kinaweza kurudiwa bila kutoka nje ya Nairobi. Ndani ya sehemu ya mbele unatoboa shimo la milimita 6 na kuacha kidaraja mwishoni, kisha unatoboa tundu dogo la ncha, kama milimita 2.5. Bega la rifili ya Parker linakaa kwenye kidaraja, na kizibo kidogo upande wa nyuma kinaizuia isicheze. Hakuna springi, hakuna kifaa cha kuzungusha.

Meno usiyakate mashine ikiwa inazunguka. Zima stima kabisa, shika tapi kwa mkono huku mkia ukiinyoosha, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili uchafu ukatike. Kwenye mpingo, baada ya kupita mara ya kwanza, dondosha supaglu nyepesi kwenye meno, iache ikauke kabisa, pitisha tapi tena. Meno yatakuwa magumu na masafi. Kwa kufanyia mazoezi, nunua ufito wa plastiki kwenye maduka ya plastiki za viwandani na uharibu huo kwanza.

Kumalizia

Msasa wa 150, 220, 320, 400, 600, kwa mpangilio, ukizima mashine kila mara na kupiga msasa kwa urefu ili kuondoa miviringo. Kwenye seti kuwa mwangalifu karibu na bushi. Msasa huila mbao haraka kuliko unavyodhani, na mbao ikishuka chini ya chuma cha ncha, kidole kitaihisi ngazi hiyo kila siku.

Jakaranda, grevilea na mbuni hufaidika na tabaka kadhaa za supaglu nyembamba zilizopakwa kwa karatasi, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Fungua dirisha, moshi wake huchoma macho. Mpingo na pembe havihitaji hayo. Visugue kwa maranda yake wenyewe mashine ikizunguka, kisha nta kidogo ya nyuki, na vitang'aa. Kwa hiyo njia ya pili, inayoonekana ngumu, hapa mwishoni ni nyepesi kuliko ya kwanza.

Miwani ya kinga ni lazima kwa njia zote mbili. Glavu usivae, shali na mikono mirefu usilete karibu, nywele zifungwe.

Nani achague ipi

Anayeweza kuingia karakana ya samani, anayependa kuona umbo likizaliwa chini ya patasi, na anayetaka kalamu mkononi baada ya muda mfupi, achukue seti. Ila asichukue moja. Aagize kadhaa za aina ile ile kwa mpigo, ili bushi na biti ziwe zile zile na kipuri kikiharibika kingine kiwe mezani. Na ningependa achague ile ya umbo la sigara kuliko Slimline, hata kama Slimline ni ya bei nafuu. Ile ya sigara hutumia rifili ya Parker, ambayo wino ukiisha unaipata mjini kwa urahisi zaidi kuliko ile nyembamba ya aina ya Cross. Kalamu ya zawadi isiyopata wino ni huzuni kwa aliyepewa.

Mwenye mazoea ya vernia (kifaa cha kupimia unene), aliyewahi kufanya kazi ya chuma, au aliye na rafiki mwenye kerezo Kariobangi, aanze moja kwa moja na biro ya M10. Asidanganywe kwamba lazima apitie seti kwanza. Seti hufundisha mkono na jicho. Biro hii hufundisha kupima, na anayejua kupima tayari yuko katikati ya safari. Kila kosa litamgharimu kipande cha plastiki au masalio ya mpingo na basi.

Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana wengi kwa pamoja, naye achague njia ya pili kwa sababu ya gharama, lakini apunguze tena: kishikio cha nibu ya kuchovya, ufito mmoja wa mbuni wenye tundu fupi mbele, bila skrubu yoyote. Kila kijana ataondoka na kitu kinachoandika.

Na asiye na mashine, asiye na rafiki, mwenye hamu tu? Achukue seti moja ya majaribio, ampelekee fundi wa Kariobangi mrija wake akakerezewe bushi za koni, kisha aende kwa fundi wa samani siku ambayo hana kazi nyingi, akubaliane naye bei ya saa mbili za mashine na akae naye pale pale. Atoboe mwenyewe, agundishe mwenyewe nyumbani usiku, arudi kesho yake kukereza. Fundi yule huenda hajawahi kukereza kitu chembamba hivyo, lakini anajua patasi inavyotakiwa kulala kwenye egemeo, na hilo hakuna seti inayokuja nalo.